Wimbo wa Kabla ya Taarifa ya Habari

4 Februari

Kwa Mjomba wa kipindi cha Maana ya Wimbo,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Tuko wanawake saba chumba cha nyuma, na redio yetu imefungwa kwa waya juu ya dirisha ili asitokee wa kubadilisha stesheni. Jumamosi mchana kipindi chako kikianza, hata msimamizi hupunguza maneno. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ina wenyewe wengi. Mama mkwe huipokea, watoto wa shemeji huichezea, na ujumbe ukiingia mimi ndiye wa mwisho kuusoma.

Naomba unieleze ule wimbo wa taa, unaoupiga mwisho wa kipindi kabla ya taarifa ya habari. Nanukuu ubeti wa kwanza:

Taa nimeshaiwasha, utambi nimeukata,
mlango sijaufunga, ukija utanipata,
kiti chako kiko wazi, hakuna wa kukivuta,
hata ukija mzee, sitachoka kukuita.

Huu ni mwaka wa sita tangu mume wangu aende nchi jirani kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Baadaye namba yake ikawa ya mtu mwingine, kijana mwenye adabu ambaye mpaka leo nikipiga hunipa pole. Hatukujaliwa mtoto. Naishi na mama mkwe, na hatujawahi kukosana kwa jambo kubwa.

Sasa kuna seremala aliyetutengenezea meza za kukatia vitambaa. Ni mgane, ana mabinti wawili. Amenitaka niwe mke, na hakuyasema vichochoroni, alikuja akakaa mbele ya shemeji. Shemeji akajibu kwamba wao kama ndugu hawatanizuia, muda uliopita unatosha. Mama mkwe aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Seremala anahamia mji mwingine mwezi wa nne, shule zikifungwa. Anataka jibu kabla hajafunga karakana yake.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema wimbo ule ni wa mwanamke mwaminifu. Mwingine, tunayemwita Pini kwa sababu ya ulimi wake, anasema ni wa mwanamke asiye na kazi, maana mwenye oda ya sketi mia hana muda wa kukata tambi. Mimi maana yangu ninayo, lakini sina wa kuipima naye. Wewe umesikiliza nyimbo kuliko sisi sote. Huyu anayeimba anatuambia tungoje, au anatuambia nini?

Ni mimi,
Mshonaji wa Chumba cha Nyuma


12 Februari

Mpwa wangu Mshonaji,

Bila shaka umenisikia Jumamosi. Nilificha mambo yako yote, nikasema tu "dada mmoja mwenye mtu safarini". Lakini barua kama yako haistahili kujibiwa hewani pekee, kwa hiyo naongeza haya kwa mkono wangu.

Nimeutumia wimbo huu kufunga kipindi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Angalia jinsi mwimbaji alivyochagua maneno. Hakusema amewasha taa tu, amesema amekata utambi. Utambi usiokatwa hutoa moshi, ukachafua kuta na macho. Maana yake ni kwamba anangoja bila kinyongo. Kiti hakijavutwa, yaani hajakiruhusu kikaliwe hata na mgeni wa muda. Na "hata ukija mzee" ndiyo roho ya wimbo: mapenzi yasiyotazama kalenda.

Ndiyo maana nilisema, na narudia, kwamba kungoja ni kazi. Wako wanaodhani anayengoja amekaa bure. Hapana. Anafanya kazi ngumu kuliko anayesafiri, na kazi haiachwi katikati kwa kuwa mpita njia mwema amebisha hodi.

Uliniuliza wimbo unasemaje. Unasema ngoja. Moyo wako ulikuwa umekwisha kuusikia hivyo, ulitaka tu sauti ya pili.

Simu za wasikilizaji hazijakatika tangu siku ile. Meneja ameamua yale maneno "kungoja ni kazi" yarekodiwe kwa sauti yangu, yawe yanasikika kila siku baina ya matangazo. Kwa hiyo, mpwa wangu, umelifaa taifa zima la wenye subira.

Mjomba wako wa redioni


3 Machi

Mjomba mpendwa,

Nimefanya ulivyosema.

Nilikwenda kwa Seremala saa ya chakula cha mchana. Alikuwa akipiga randa mbao za kitanda. Nilimweleza kwamba nimefikiri, nimeamua kungoja. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, "Unamngoja yeye, au unaniogopa mimi?"

Sikuwa na jibu langu mwenyewe, nikampa lako. Nilimwambia kungoja nako ni kazi. Akapangusa vumbi la mbao mikononi, akanitazama kama mtu anayepima ubao asiotaka kuukosea, akasema, "Basi hongera kwa kupata kazi."

Nilirudi cherehanini, nikashona mfuko wa shati upande usio wake. Pini aliuona kabla ya msimamizi, akaufumua kimya kimya, kisha akasema, "Sasa naelewa, umemkataa mwenye randa kwa ajili ya mwenye redio." Wenzangu wakacheka. Nami nilicheka, ili wasiulize zaidi.

Mama mkwe amebadilika. Alikuwa amekisikia kipindi chako kwa jirani, na hakujua kwamba aliyeuliza ni mimi. Nilipomwambia nimemkataa Seremala alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu atarudi. Hata redio imesema." Sasa asubuhi nakuta maji ya kuoga yamekwisha kupashwa. Jana alinipakulia chakula kabla ya kujipakulia yeye. Ni mtu mzima, naona haya, lakini hakubali nimzuie.

Nakushukuru. Nilikuwa natembea na shaka kama kokoto ndani ya kiatu, na wewe umeitoa.

Mshonaji


20 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Nilipaswa kujibu mapema, kulikuwa na shughuli nyingi stesheni. Wanahamisha sahani zote za zamani za muziki kwenye kompyuta, na fundi mitambo amejaza vumbi vyumba vyote.

Nauliza tu: Seremala amekwisha kuhama? Na je, jibu ulilompa lilikuwa la mwisho kabisa, au ni la kuzungumzika?

Nimekuwa nikifikiri kwamba wimbo una pande nyingi. Pengine mtu asiusikilize mpaka mahali fulani tu. Msikilizaji ana akili yake, na mtangazaji naye ni binadamu, ana haraka zake, ana saa ukutani inayomtazama. Usiyachukue maneno yangu kama hukumu ya mahakama.

Nakuombea kila la heri.

Mjomba


2 Aprili

Mjomba,

Barua yako nimeisoma cherehanini, nikaisoma tena kituo cha basi. Mwanzo ilinitia wasiwasi. Baadaye nikaelewa kwamba unanipima kama nitatetereka. Baba yangu alikuwa hivyo. Ukimletea uamuzi, lazima autikise kidogo aone kama umesimama. Basi jua kwamba uamuzi wangu umesimama.

Sisemi ni rahisi. Mama mkwe ametoa shati la mwanawe sandukuni, ameniambia niipunguze kola, ati akirudi atakuwa amekonda. Nimeipunguza. Amelivaa yeye begani siku nzima, kama taulo, akifanya kazi zake.

Binti mkubwa wa Seremala alileta sketi niongeze urefu kwa sababu ya shule mpya anakokwenda. Nilipiga magoti mbele yake nikipima pindo. Alikuwa kimya, na kwa kawaida huyu mtoto anaongea kama amemeza kasuku. Nilipomuuliza kulikoni, alisema, "Baba ametukataza kukusumbua." Niliendelea kuweka pini. Wanahama Jumamosi ijayo.

Sauti yako tunaisikia kila siku sasa, baada ya tangazo la sabuni. "Kungoja ni kazi." Pini amezoea kuitikia, "Na mshahara je?" Nami siku ikiwa ndefu huinua kichwa kuisikiliza. Najiambia kwamba mtu aliyeyapima maneno kuliko mimi ndiye anayesema.

Mshonaji


14 Aprili

Mpwa wangu,

Sikuwa nakupima. Laiti ningekuwa nakupima.

Kipindi changu huisha taarifa ya habari inapoanza, na habari haimngoji mtu. Kwa hiyo wimbo wa mwisho hupunguzwa sauti popote ulipofika. Ule wa taa ni mrefu. Ubeti wa kwanza huenda wote, wa pili huenda wote, kisha king'ora cha habari. Miaka yote nimeupiga hivyo. Nyumbani sina sahani yake. Sikuwahi kujiuliza kama una mwisho.

Katikati ya Machi fundi mitambo alikuwa akiihamisha sahani ile kwenye kompyuta, na kwa kazi hiyo lazima iachwe izunguke mpaka mwisho. Nilikuwa chumba cha pili nikinywa chai. Nikausikia ubeti wa tatu kwa mara ya kwanza maishani mwangu:

Mafuta yameniisha, sikuyanunua tena,
si kwa hasira, mpenzi, wala si kwa kukukana,
nimeona kumekucha, taa ya nini mchana?
Kwa mlango ulo wazi, mimi nilitoka jana.

Niliingia nikamwambia airudie. Aliirudia. Nikamuuliza kama alikuwa akijua. Akasema, "Kila mtu wa rika langu anajua. Mimi nilidhani unaukata makusudi, kwa kuwa kipindi chako ni cha kutia watu moyo."

Kwa hiyo nilikuambia ungoje kwa kutumia wimbo wa mwanamke aliyeacha kungoja. Hilo ni kosa la kwanza, na pengine kwa kosa hilo ungenisamehe. Sikujua.

La pili nililifanya nikijua. Nilipokuandikia Machi ishirini nilikuwa nimeshausikia ubeti huo. Ulikuwa bado una muda. Nilikaa na karatasi, nikaandika kweli, nikaichana, nikakutumia yale maneno ya kuzungukazunguka uliyoyaona. Na Jumamosi iliyofuata niliupiga wimbo uleule, na ulipokaribia ubeti wa tatu nikaushusha kwa mkono wangu mwenyewe kabla fundi hajanyanyua wake. Meneja alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Sauti yangu ilikuwa ikitangazwa kila siku. Niliona aibu ya kusema kwamba Mjomba wa Maana ya Wimbo hakuujua wimbo.

Kisha ikaja barua yako ya shati na ya pindo la sketi. Imekaa mezani kwangu zaidi ya wiki. Naandika leo nikijua kwamba huenda nimechelewa, na kwamba kuchelewa huku nako ni kosa langu mimi.

Sina jina la kusaini linalonifaa.

Mtangazaji


30 Aprili

Bwana Mtangazaji,

Barua yako imenikuta Seremala amekwisha kuhama. Kwenye karakana yake sasa panauzwa magodoro.

Ubeti wa tatu naujua. Shangazi aliyenifundisha kushona aliuimba kila siku, na kila akifika "mimi nilitoka jana" alikuwa akikata uzi kwa meno. Nimeujua tangu sijaweza kutia uzi kwenye sindano. Kwa nini nikuandikie ubeti wa kwanza tu? Kwa sababu ndio unaopigwa, na kwa sababu sikudhani kwamba mtu wa redio anahitaji kukumbushwa mwisho.

Sasa sikiliza kilichonifanya nimkatae yule mtu, maana wewe unadhani ni ujinga wako. Mimi nilijua kwamba mwanamke wa wimbo anatoka. Niliposikia unasema wimbo ule unatuambia tungoje, nilishtuka. Nikafikiri, huyu bwana ameusikia wote, mpaka mlango, mpaka jana, na bado anasema ngoja. Basi ameona kitu ndani yake ambacho mimi na shangazi hatukukiona. Amepima ubeti wa tatu, akaukuta ni mwepesi. Kama maana yako ingekuwa ya mtu asiyejua, nisingeisikiliza. Niliifuata kwa sababu niliamini unaujua ubeti ule na umeuvuka.

Nilimpa Seremala maneno yako kwa heshima hiyo. Kumbe nilikuwa nimeegemea ukuta usiojengwa.

Kosa la kwanza ningekusamehe, kama ulivyosema. La pili bado liko mkononi, naligeuza. Kulikuwa na Jumamosi tatu baina ya siku uliyojua na siku aliyohama. Jumamosi mojawapo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mtoto wake.

Fundi cherehani


8 Mei

Dada,

Sithubutu tena kukuita mpwa.

Juzi Jumamosi nilisema hewani. Sikukutaja. Nilisema niliueleza wimbo ambao sikuwa nimeusikia wote, na nilipoujua nikanyamaza, na kwamba yupo mtu aliyeumia kwa hilo. Kisha nikaupiga wote. Nikausogeza mwanzo wa kipindi ili usikatwe. Meneja hakupenda. Kipindi amepewa kijana wa salamu, mimi nimewekwa kusoma vifo na bei za mazao. Sikuelezi ili unihurumie. Ni stahili yangu, na ni ndogo.

Lakini kusema hewani kumenituliza mimi, hakukusaidii wewe. Naomba uniruhusu jambo moja. Niandikie anwani mpya ya Seremala. Nitamwandikia mwanamume kwa mwanamume, nimweleze kwamba jibu ulilompa lilitoka kinywani mwangu. Nitabeba lawama yote. Yeye ni mtu muungwana, ataelewa. Ikibidi nitasafiri nikaseme mbele yake na mbele ya shemeji yako.

Nipe hiyo nafasi. Silali vizuri.

Mtangazaji


27 Mei

Bwana Mtangazaji,

Tulikusikia ile Jumamosi. Chumba kizima kiliacha kushona, hata msimamizi. Wimbo ulipofika mwisho Pini hakuwa na la kusema, na hilo ni jambo la kuandikwa. Kwa hiyo najua ulisema, na najua haikuwa rahisi.

Anwani sikupi. Usimwandikie, usisafiri. Ukibeba lawama yote utaniachia mikono mitupu, na mimi pia nina sehemu yangu. Nakueleza kwa kuwa wewe umenieleza yako.

Jioni ya siku ile mama mkwe alizima redio ya jirani kwa mkono wake, akarudi akakaa jikoni. Nilimwambia kwamba dada wa ile barua ni mimi. Nikamwambia kwamba nimeacha kungoja, na kwamba niliacha zamani, kabla ya seremala yeyote. Kisha akasema, "Najua. Ila ukiacha wewe, nitabaki namngoja peke yangu."

Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Sikuwa namngoja mume wangu. Nilikuwa siwezi kumtazama mama huyu akiwa amebaki peke yake na kazi ile, na sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo kwa Seremala wala kwa nafsi yangu. Nikatafuta mtu mwenye sauti nzito aniambie ni wimbo unaokataa, si mimi. Ungesema toka, sijui kama ningetoka. Huenda ningetafuta mtangazaji mwingine. Hii haikuondolei zile Jumamosi tatu. Hizo ni zako. Lakini mlango niliushika mimi.

Mama mkwe tumezungumza tena na tena. Mara nyingine tunalia, mara nyingine ananiuliza kama nimeona kisu cha vitunguu, kama vile hatujasema kitu. Nimemwambia popote nitakapokuwa, atakuwa na kitanda. Hajajibu, ila shati amelirudisha sandukuni yeye mwenyewe.

Seremala nimemwandikia. Nilitumia jioni nne kwa ukurasa mmoja. Sikuweka wimbo, sikuweka taa wala utambi. Nilimwambia aliniuliza swali akiwa kwenye randa, nikamjibu kwa maneno ya kuazima, na sasa namletea yangu: nilimwogopa yeye, kwa sababu akiwa mbele yangu nilikuwa nataka kuondoka, na aliyekuwa nyuma yangu ni mzee wa watu. Nikamwambia bado nataka. Nikamwambia kama amekwisha kumpa mwingine neno lake, asijibu kwa kunihurumia.

Jibu lake lilifika juzi. Binti yake ndiye aliyeandika anwani juu ya bahasha, naujua mwandiko wake.

Hutalijua, wala usiulize, wala usimtume mtu. Nimefikiri sana kabla ya kuamua hivi, na si kwa kukuadhibu. Ni jibu fupi, limeandikwa kwa kalamu ya seremala, na nikikutumia wewe utalitolea maana.

Usiniandikie tena. Nakutakia usingizi.

Fundi cherehani